Nani Hulipa Milisekunde za Mchezo wa Bure?

Katika slither.io, mchezo wa nyoka uliotolewa mwaka 2016 na Mmarekani Steve Howse, kifo kina sheria moja tu: kichwa cha nyoka wako kikigusa mwili wa nyoka mwingine, umekwisha. Mwili wako unageuka vitone vinavyong'aa, na waliokuwa wakikukimbia wanarudi kuvila. Hakuna cha kupakua wala cha kulipia. Unafungua kivinjari, unaandika jina lolote, unaingia uwanjani na watu usiowajua. Malalamiko ya wachezaji wa michezo ya namna hii yanafanana kila mahali: nilishapita, nimeona kwa macho yangu nimepita, kisha nikaambiwa nimekufa.

Mlalamikaji hasemi uongo. Kwenye skrini yake kweli alikuwa amepita. Kwenye skrini ya yule mwingine, kichwa kiligonga mwili waziwazi. Na seva, ile kompyuta ya mbali ambayo ndiyo mwamuzi wa mchezo mzima, iliona jambo la tatu, na hilo la tatu ndilo lililohesabiwa. Tumezoea kusema mtandao "unaganda", tukailaumu simu au kampuni iliyotuuzia bando, tukaishia hapo. Chanzo kiko mbali zaidi. Kiko kwenye mwendo wa nuru ndani ya kioo, kwenye njia za nyaya zilizolala chini ya bahari, na kwenye maamuzi ya watu wachache waliokaa wakaandika programu na kupanga uchelewaji umwangukie nani. Hili la mwisho ndilo linalonigusa zaidi, kwa sababu ndilo linaloweza kubadilishwa.

Safari ya agizo

Unapogusa skrini ili nyoka akate kona, kivinjari hutunga agizo fupi, la baiti chache tu, na kulituma. Agizo linaruka kwa mawimbi ya redio hadi mnara wa simu, linashuka kwenye nyuzi za kioo, linapokelewa na ruta moja na kupasiwa nyingine, na kama linakwenda ng'ambo linafika kituo cha ufukweni, Mombasa au Dar es Salaam, linazama baharini. Ndani ya mkongo wa baharini, mkato wako wa kona ni mimweko ya leza inayopita kwenye uzi mwembamba kama unywele.

Nuru ikiwa kwenye ombwe huenda kilomita 299,792 kwa sekunde. Kioo huipunguza: ndani ya uzi ule mwendo wake ni kama kilomita 204,000 kwa sekunde, theluthi mbili tu ya ule wa mwanzo. Kwa hiyo kila kilomita 1,000 za waya hudai karibu milisekunde 5 za kwenda na nyingine 5 za kurudi. Hakuna kampuni, hata iwe tajiri kiasi gani, inayoweza kukuuzia punguzo la hesabu hiyo. Bando la kasi kubwa hukupa barabara pana zaidi, magari mengi yapite kwa pamoja, lakini haliisogezi Ulaya hata hatua moja.

Chukua seva iliyoko Frankfurt, Ujerumani, mji wenye mojawapo ya makutano makubwa ya intaneti duniani. Kutoka Mombasa hadi huko, ukipima mstari mfupi kuliko yote juu ya uso wa dunia, ni karibu kilomita 6,700. Kama waya ungefuata mstari huo, kwenda na kurudi kungekula milisekunde 66. Waya kama huo haupo. Mikongo hupanda Bahari Hindi, huingia Bahari ya Shamu, huvuka Misri, hutokeza Mediterania ndipo iguse kusini mwa Ulaya, na kila ruta ya njiani inachukua fungu lake, na mnara wa simu unachukua lake. Mchezaji wa pwani yetu akiona milisekunde 150 kwenye mchezo wenye seva Ulaya, hana la kushangaa.

Na milisekunde 150 si kitu kidogo. Mtu mzima mwenye afya akiambiwa abonyeze kitufe mara taa inapowaka, huchukua takriban milisekunde 200 hadi 250. Skrini ya kawaida huchora picha mpya mara 60 kwa sekunde, yaani kila baada ya milisekunde 16.7. Agizo lako likitoka na jibu likarudi, skrini imekwisha kuchora picha 9. Mwenzako anayeishi jirani na seva, mwenye uchelewaji wa milisekunde 10, hajapoteza hata moja.

Mwaka 2006 watafiti wawili wa Marekani, Mark Claypool na Kajal Claypool, walichapisha uchambuzi ambao hadi leo watu wa fani hii wanaurudia. Walionyesha kwamba uchelewaji uleule hauumizi michezo yote kwa kiasi kimoja. Mambo mawili ndiyo huamua: tendo linahitaji shabaha ya namna gani, na linatakiwa likamilike ndani ya muda gani. Michezo ya kulenga kwa jicho la mhusika mwenyewe huanza kuharibika uchelewaji ukifika milisekunde 100 hivi. Ile inayomfuata mhusika kwa nyuma, kama ya mbio na matukio, huvumilia hadi karibu 500. Ile ya kutazama uwanja wote kutoka juu, ya kujenga miji na kupanga majeshi, huvumilia hata sekunde nzima. Slither.io hutazamwa kutoka juu, lakini mtu asidanganyike na hilo. Kumkata nyoka mwingine njia ni tendo la shabaha ndogo na muda mfupi, na mchezaji wa mbali analihisi kila mara.

Kabla ya mkongo

Waliocheza michezo ya kivinjari kwenye vibanda vya intaneti vya Afrika Mashariki kabla ya 2009 waliishi kwenye fizikia nyingine kabisa. Mawasiliano yetu na ng'ambo yalipitia setilaiti zinazoelea kilomita 35,786 juu ya ikweta. Agizo lilipanda likashuka, jibu likapanda likashuka: zaidi ya kilomita 143,000 za anga kwa kila swali na jibu lake. Mawimbi hayo yalikwenda kwa mwendo kamili wa nuru na bado yalikula karibu nusu sekunde, hata kabla kompyuta yoyote haijafanya kazi yake. Katika hali hiyo mchezo wa kukimbizana na mtu wa nchi nyingine haukuwezekana. Kilichowezekana ni mchezo unaoingia wote kwenye kompyuta mara moja, ukausubiri upakie, kisha ukacheza peke yako bila kuiuliza seva chochote.

Flash ilifaa sana kwa kazi hiyo. Teknolojia hii ilizaliwa mwaka 1996 kwa mikono ya Jonathan Gay na wenzake, ikanunuliwa na Macromedia mwaka huohuo, halafu Adobe ilipoichukua Macromedia mwaka 2005 ikahamia huko. Faili moja dogo lilibeba michoro, sauti na akili yote ya mchezo. Adobe iliacha kuihudumia tarehe 31 Desemba 2020, baada ya miaka mingi ya matundu ya kiusalama na baada ya simu za iPhone kukataa kuipokea. Maelfu ya michezo yangepotea kama wahifadhi wasingejitokeza. Ruffle, programu huria inayoigiza Flash ndani ya kivinjari cha leo, na hifadhi ya Internet Archive, zimeokoa mingi. Kazi hiyo nitaiandikia siku nyingine kwa upana unaostahili.

Mkongo wa SEACOM ulipowashwa Julai 2009, na TEAMS ikavuta waya kutoka Fujairah hadi Mombasa mwaka huohuo, na EASSy ikafuata mwaka 2010, magazeti yalisifu wingi wa data. Ilikuwa haki kuusifu. Lakini kulikuwa na faida ya pili iliyozungumzwa kidogo: umbali wenyewe ulianguka. Safari ya kilomita 143,000 ikawa ya kilomita chini ya 20,000. Kwa mara ya kwanza mtu wa Dar es Salaam aliweza kumkimbiza mtu wa Marseille kwenye uwanja mmoja na mkimbizano ukawa na maana.

Jambo la pili lililokosekana lilikuwa ndani ya kivinjari chenyewe. Kurasa za wavuti ziliumbwa kwa mtindo wa ombi na jibu: kivinjari kikiuliza, seva inajibu, mazungumzo yamekwisha. Seva haikuwa na njia ya kumwambia mchezaji jambo ambalo hajaliuliza. Mwaka 2011 kanuni za WebSocket zilikamilishwa, na mlango ukabaki wazi pande zote mbili muda wote wa mchezo. Aprili 2015 kijana wa Brazil mwenye umri wa miaka 19, Matheus Valadares, alitoa agar.io, mchezo wa seli zinazomezana, na katika miezi michache dunia nzima ilikuwa inaucheza. Slither.io ulifuata nyayo zake.

WebSocket ina kasoro moja ambayo mchezaji wa mtandao wa simu anaijua bila kuijua. Imejengwa juu ya TCP, itifaki inayohakikisha kila pakiti, yaani kifurushi kidogo cha data, inafika na inafika kwa zamu yake. Kwa barua pepe au benki huo ni uungwana. Kwa mchezo ni tatizo. Pakiti ya tatu ikipotea hewani, ya nne na ya tano zinazuiwa mlangoni zikiwa zimeshafika, mpaka ya tatu itumwe upya. Ukiwa mbali, kuituma upya kunadai safari nyingine nzima. Kisha zote zinaachiliwa kwa mkupuo mmoja: nyoka waliokuwa wameganda wanaruka ghafla kwenda mahali pengine, na wewe upo katikati yao. Michezo inayosakinishwa kwenye kompyuta hukwepa hili kwa kutumia UDP, itifaki isiyosubiri mtu: pakiti iliyopotea imepotea, habari mpya ndiyo muhimu. Kivinjari hakiruhusu ukurasa wowote kutuma UDP tupu, na nakubaliana na katazo hilo. Ukurasa mmoja mbovu ungeweza kugeuza vivinjari vya mamilioni ya watu kuwa silaha ya kumimina pakiti juu ya hospitali au benki. Njia salama zaidi za kupata faida hiyo, kama WebRTC na WebTransport, zipo na zinaendelea kuenea, lakini zinadai kazi zaidi kwa muundaji, na mchezo wa bure mara nyingi hujengwa na mtu mmoja au wawili.

Ufundi wa kuficha

Ikiwa umbali haufutiki, waundaji wa michezo wafanyeje? Hufanya ufundi ambao naona ni miongoni mwa mambo mazuri kabisa ya sayansi ya kompyuta: huijaza programu makadirio, kila mchezaji akaamini anaishi wakati mmoja na wengine.

Kwanza, kivinjari chako hakisubiri ruhusa. Ukikata kona, nyoka wako anakata papohapo kwenye skrini yako, kwa kudhani seva itakubali. Jibu likija tofauti, unasahihishwa kimyakimya, na kama tofauti ni kubwa unaona mruko. Mbinu hiyo ilipata umaarufu mwaka 1996 John Carmack wa kampuni ya id Software alipoiingiza kwenye QuakeWorld, kwa sababu watu waliocheza kwa modemu za simu za mezani walikuwa wakibonyeza na kungoja mhusika wao asogee.

Pili, wachezaji wengine unaowaona wako katika wakati uliopita. Seva haitumi sinema. Inatuma taarifa za hali ya uwanja, tuseme mara 20 kwa sekunde, nacho kivinjari kinalainisha mwendo kati ya taarifa mbili kilizokwisha kupokea. Ili kuwe na taarifa mbili za kulainisha kati yake, lazima kionyeshe mambo yaliyopita kidogo. Kwa hiyo skrini yako moja ina nyakati mbili: wewe uko mbele ya seva, wengine wote wako nyuma yake. Mlalamikaji wetu alipopita mbele ya nyoka yule, alipita mbele ya kivuli cha zamani.

Tatu, pakiti zikichelewa, kivinjari hukadiria. Hii ni hesabu ya mabaharia. Nahodha wa jahazi asiyeona nchi kavu huchukua mahali alipokuwa na hakika napo mara ya mwisho, akatazama mwendo wa chombo, uelekeo wake na muda uliopita, akaweka alama mahali anapopaswa kuwa. Katika miaka ya 1980 mradi wa SIMNET, uliounganisha mitambo ya kufundishia askari wa vifaru wa Marekani kwa mtandao wa kompyuta, uliichukua hesabu hiyohiyo kuamua kila kifaru cha wengine kionekane wapi wakati taarifa mpya haijafika. Nyoka anayekwenda moja kwa moja hukadirika vizuri. Nyoka anayekata kona ghafla humponza mkadiriaji, na wachezaji hodari hulijua hilo kwa mikono yao hata kama hawajawahi kulisikia likielezwa.

Nne, na hapa ndipo haki inapoingia, seva inaweza kurudisha saa nyuma. Kwenye michezo ya kufyatuliana risasi, mchezaji wa mbali anamlenga mtu aliyepo kwenye skrini yake, ambaye kwa seva ameshaondoka. Yahn Bernier wa kampuni ya Valve alieleza mwaka 2001 jinsi seva inavyoweza kuupanga upya uwanja kama ulivyoonekana kwa mfyatuaji wakati alipobonyeza, na kuhukumu kwa picha hiyo. Mfyatuaji wa mbali anapata haki yake. Lakini aliyepigwa, ambaye kwenye skrini yake ameshajificha nyuma ya ukuta, anakufa akiwa amejificha. Uchelewaji haukupotea. Umehamishwa kutoka kwa mmoja kwenda kwa mwingine.

Hiyo ndiyo siri yote. Milisekunde haziwezi kufutwa kwa programu, zinaweza tu kugawiwa, na mgawaji ni mtu aliyeketi mahali fulani akaandika mstari wa msimbo.

Saa ya sataranji

Mgawo wa haki kuliko wote ninaoujua upo kwenye sataranji. Lichess, iliyoanzishwa mwaka 2010 na Mfaransa Thibault Duplessis, ni tovuti ya kucheza sataranji ndani ya kivinjari, bure kabisa, bila tangazo hata moja, inayoendeshwa na shirika lisilo la faida kwa michango ya watumiaji. Msimbo wake wote uko wazi. Seva zake ziko Ufaransa.

Wengi hupenda pambano la dakika moja: kila mchezaji ana sekunde 60 kwa kete zote, na zikiisha ameshindwa hata kama alikuwa karibu kumkamata mfalme. Mpe mchezaji wa Arusha uchelewaji wa milisekunde 150. Kete ya mpinzani inachukua muda kumfikia, yake inachukua muda kurudi, na kama saa inahesabu kila kitu, anapoteza milisekunde 150 kwa kila kete. Kwa kete 40 hizo ni sekunde 6, sehemu ya kumi ya maisha yake yote katika pambano lile, zimekwenda kulipia kioo cha baharini. Mpinzani wake wa Lyon hapotezi hata nusu sekunde.

Waandishi wa Lichess waliliona hilo wakalitendea kazi. Seva hupima uchelewaji wa kila mchezaji, na kila kete inapofika humrudishia muda ule kwenye saa yake. Kuna kikomo, na kikomo kina sababu: kusingekuwepo, mjanja angeuchelewesha mtandao wake makusudi apate muda wa kufikiri. Kwa hiyo yule ambaye mtandao wake ni mbovu kupita kiasi bado anaumia kidogo. Lakini mtu wa kawaida wa Arusha, Kisangani au Muscat anacheza saa ileile anayocheza Mfaransa. Hakuna sheria iliyowalazimisha kufanya hivyo, wala faida ya fedha. Ninawaheshimu sana kwa uamuzi huo.

Inafaa kukubali kwamba sataranji ina nafuu yake. Wachezaji wanapokezana, kwa hiyo muda unaweza kupimwa na kurudishwa kama chenji dukani. Nyoka wa slither.io hawapokezani. Huwezi kumrudishia mtu milisekunde ambazo ndani yake ameshakufa. Hapo dawa inabaki moja: seva isogee karibu na mchezaji. Na hapo ndipo neno "bure" linapotakiwa kuangaliwa vizuri.

Bure ya nani?

Mchezo wa bure wa kivinjari hulipiwa na matangazo. Ukurasa unapofunguka, nafasi ya tangazo hupigwa mnada kati ya kampuni za matangazo ndani ya sehemu ya sekunde, na bei hutegemea sana mtazamaji yuko nchi gani. Mtangazaji hulipa zaidi kwa jicho la Chicago kuliko la Bujumbura, kwa sababu anategemea kuuza zaidi Chicago. Muundaji mdogo anayekodi seva kwa mwezi hufuata fedha hiyo. Ndiyo maana ukifungua orodha ya maeneo kwenye michezo mingi utakuta Marekani, Ulaya, Asia, pengine Amerika ya Kusini, na Afrika haimo. Mchezaji wetu anaangalia tangazo lilelile, anatumia bando lake mwenyewe, kisha anakwenda uwanjani akiwa nyuma kwa picha 9.

Hata kwenye bando, mchezo wenyewe si mlaji mkubwa. Tuseme seva inatuma taarifa 20 kwa sekunde na kila moja ina baiti 500: hizo ni kilobaiti 10 kwa sekunde, megabaiti 36 kwa saa nzima. Matangazo ya video yanayocheza kati ya kifo kimoja na kingine yanaweza kuipita hesabu hiyo kwa urahisi. Mwenye bando dogo anapoishiwa, mara nyingi sehemu kubwa ya data yake imekwenda kwenye kile ambacho hakukifungua kwa hiari.

Kuna mchezo mmoja uliobuniwa kwa ajili ya mtu huyu hasa. Mwaka 2014 wabunifu wa kivinjari cha Chrome waliweka dinosaria mdogo kwenye ukurasa unaotokea mtandao unapokatika. Ukigusa skrini anaanza kukimbia jangwani na kuruka mipungate. Msimbo wake wote umo ndani ya kivinjari tayari, kwa hiyo hauombi pakiti hata moja kutoka popote, na uchelewaji pekee ni wa kidole na skrini. Mwaka 2018 Google ilisema mchezo huo huchezwa mara milioni 270 kila mwezi, na wachezaji wengi wako kwenye nchi ambako mtandao wa simu ni wa kusuasua au ni ghali, ikizitaja India, Brazil, Mexico na Indonesia. Tarehe 12 Mei 2024, mikongo ya EASSy na SEACOM ilipokatika kwa pamoja, intaneti ikadorora Tanzania, Kenya na nchi za jirani, na dinosaria alikuwa mmoja wa wachache wasioathirika. Miezi michache kabla, Februari, nyaya nyingine zilikatika kwenye Bahari ya Shamu. Inaaminika zilikokotwa na nanga ya meli Rubymar iliyokuwa imepigwa kombora na kuachwa ikielea. Njia yetu ya Ulaya ni nyembamba na ina adui wengi.

Lakini mchezo wa mtu mmoja hauwezi kuwa jibu la kila kitu. Watu wanataka kucheza na watu.

Ramani imeanza kubadilika. Microsoft ilifungua vituo vyake vya data Johannesburg na Cape Town mwaka 2019, Amazon ikafungua Cape Town mwaka 2020, Google ikafungua Johannesburg mwaka 2024. Kutoka Dar es Salaam hadi Johannesburg ni karibu kilomita 2,500 kwa mstari mfupi, yaani kama milisekunde 25 za kioo kwenda na kurudi. Waya halisi ni mrefu zaidi, lakini tumeshatoka kwenye mateso ya Frankfurt. Muundaji wa mchezo anayetaka kuweka seva Afrika hana tena kisingizio kwamba hakuna pa kuiweka.

Ningependa tusiishie kusini. Novemba 2000, watoa huduma wa Nairobi walianzisha kituo cha kubadilishana data, KIXP, ili ujumbe kati ya wateja wa kampuni mbili za mji mmoja usilazimike kwenda ng'ambo kwa setilaiti na kurudi. Telkom Kenya ililalamika, mdhibiti akakifunga ndani ya wiki chache kwa madai ya leseni, na kilifunguliwa tena Februari 2002. Tangu hapo barua pepe ya Westlands kwenda Lang'ata, ndani ya Nairobi ileile, haina sababu ya kuvuka bahari.

Michezo bado inavuka. Ndugu wawili wa Mombasa wakifungua mchezo wa bure kwenye simu mbili, kwenye kochi moja, na seva ikiwa Frankfurt, kila mkato wa kona wa mmoja husafiri zaidi ya kilomita 13,000 ndipo umfikie mwenzake aliyekaa pembeni. Seva hiyohiyo ikikaa Nairobi, kilomita 440 kutoka kwao kwa mstari mfupi, kwenda na kurudi kungedai milisekunde 4 na kidogo za kioo. Vituo vya data vipo Nairobi, waya upo, mashine za kukodi zipo, na kanuni za kuandika mchezo wa aina hii ziko wazi kwa yeyote anayetaka kuzisoma.